Raketi za tenisi Singida: kipimo kisipolingana, mtaji hulala dukani

Duka la vifaa vya michezo katika mji wa Singida huishi kwa mpira wa miguu. Ilikuwa hivyo hata kabla Singida United haijapanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, na hadi leo jezi na mipira ni bidhaa ambazo muuzaji huziagiza bila kujiuliza mara mbili. Raketi ya tenisi ni mali ya namna nyingine. Mteja wake huja mmojammoja: mzazi mwenye mtoto anayesoma bweni Arusha au Dar es Salaam, mtumishi aliyehamishiwa mkoani, mwalimu wa michezo wa shule binafsi. Mteja wa aina hii akikosa kipimo chake harudi kesho, na raketi iliyokosa mwenyewe haina kazi nyingine ya kufanya.

Kosa huanzia kwenye duka la jumla, kilometa zipatazo 700 kutoka Singida. Mfanyabiashara hufika Kariakoo na fedha ya alizeti au vitunguu, akakuta raketi zimefungwa kwa dazani, zote inchi 27, rangi nzuri na bei ya kupatana. Inchi 27, yaani sentimeta 68.5 hivi, ndicho kipimo cha mtu mzima. Hununua dazani nzima kwa kuamini kwamba raketi ni raketi, na mtoto ataikulia kama anavyokulia sare ya shule.

Hesabu ya jambo hili inafaa kupigwa kabla ya kupanda basi. Tuseme bei ya jumla ni sh. 50,000 na ya rejareja ni sh. 70,000; hizi ni tarakimu za mfano tu, si bei ya soko. Dazani moja imemeza sh. 600,000. Muuzaji akiuza raketi nane bado hajarudisha fedha yake, kwa kuwa ameshika sh. 560,000. Ya tisa ndiyo inayorudisha mtaji na kuacha sh. 30,000 juu. Faida karibu yote, sh. 210,000 kati ya sh. 240,000, imo katika raketi tatu za mwisho, na hizo tatu za mwisho ndizo hasa zinazobaki zikining'inia ukutani kwa sababu kila anayeingia ni mfupi kuliko mali iliyopo.

Maana wengi wanaoanza tenisi ni watoto, na mtoto ana ngazi zake. Raketi za watoto hutengenezwa kwa inchi 19, 21, 23, 25 na 26. Kwa makadirio, inchi 19 humfaa mtoto asiyefika mita moja. Inchi 21 ni ya mwenye kimo cha kuanzia mita moja hadi sentimeta 112 hivi, inchi 23 hufika sentimeta 125, inchi 25 hufika karibu 138, na inchi 26 hubeba wale wanaoikaribia mita moja na nusu. Kuanzia hapo ndipo inchi 27 inapoanza kazi. Umri huandikwa kwenye vibandiko, lakini muuzaji mwenye uzoefu hauamini; watoto wawili wa miaka tisa wanaweza kupishana kimo kwa kichwa kizima.

Njia rahisi ya kupima dukani haihitaji karatasi. Mtoto asimame wima bila viatu, raketi isimamishwe kando ya mguu wake, kichwa chake kikigusa sakafu na mpini ukielekea juu. Kiganja kikiukalia mwisho wa mpini bila mtoto kuinamia upande na bila kukunja kiwiko, raketi hiyo ni yake. Akilazimika kupandisha mkono, ni ndefu mno. Akiinama, amekwisha ipita.

Mzazi atauliza kwa nini asinunue kubwa ikamsubiri mtoto. Swali hilo ni la haki, kwani fedha ni yake. Jibu ni kwamba raketi ndefu ina uzito mbali na mkono. Mtoto huchelewa kuizungusha, hupandisha mkono hadi katikati ya mpini ili aweze kuimudu, na huanza kupiga kwa kifundo cha mkono badala ya bega. Baada ya majuma machache kiwiko au kifundo kinauma, na mchezo unaachwa. Sare kubwa hupindwa upindo kwa sindano, raketi haipindwi.

Mpini ni sehemu inayopuuzwa kuliko zote, ingawa ndiyo peke yake inayogusa mwili wa mchezaji. Unene wake huandikwa kwa namba, mara nyingi kwenye kitako cha mpini. Namba 0 ni inchi 4 kwa mzunguko. Namba 1 ni inchi 4 na sehemu ya nane, namba 2 inchi 4 na robo, namba 3 inchi 4 na sehemu tatu za nane, na namba 4 inchi 4 na nusu. Futi ya fundi cherehani inatosha kumpima mtu mzima: kutoka mstari wa katikati ya kiganja hadi ncha ya kidole cha pete. Inchi zinazopatikana ndizo za mzunguko wa mpini. Kipimo cha pili hufanywa mpini ukiwa mkononi, ambapo kidole cha shahada cha mkono mwingine kinapaswa kupita kati ya ncha za vidole na nyama ya dole gumba. Kikikosa nafasi, mpini ni mwembamba. Pengo likizidi kidole, ni mnene.

Hapa ipo siri ndogo ya biashara. Utepe wa kuzungushia mpini huongeza takriban sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, sawa na nusu namba. Kwa hiyo mpini mwembamba unaweza kunenepeshwa dukani mbele ya mteja, na utepe wenyewe ukauzwa. Mpini mnene kuupunguza ni kazi ngumu na mara nyingi haiwezekani. Mwenye mtaji mdogo ashike namba 2 kwa watu wazima, na boksi la tepe pembeni.

Ukubwa wa kichwa nao una historia yake. Raketi za mbao zilikuwa na uso wa inchi za mraba 65 hadi 70 hivi, na mpira ulipogonga nje ya katikati mkono ulijua. Mwaka 1976 Mmarekani Howard Head, akiwa na kampuni ya Prince, aliingiza sokoni raketi ya inchi za mraba 110. Wengine walicheka, kisha wakaiga. Leo raketi nyingi za watu wazima ziko kati ya 95 na 110. Kichwa kikubwa humsamehe anayejifunza na huutupa mpira mbali zaidi kwa nguvu ileile. Kidogo humpa mjuzi uwezo wa kuuelekeza.

Kutupa mpira mbali ni sifa njema ukiwa Dar es Salaam, kando ya bahari. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupati upinzani wa kutosha na husafiri zaidi. Tena mpira wenye hewa ya kushindiliwa hudunda juu zaidi, kwa kuwa msukumo wa hewa ya nje umepungua. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinalitambua jambo hili: kuanzia mita 1,219 mashindano yanaruhusiwa kutumia mipira maalumu ya nyanda za juu. Mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimeta 254 hutakiwa kudunda kati ya sentimeta 135 na 147. Aina mojawapo ya mpira wa nyanda za juu hudunda kati ya 122 na 135.

Kwa muuzaji wa Singida maana yake ni kwamba raketi ya mtu mzima yenye kichwa cha 110 haina haraka ya kuagizwa. Anayeanza atatosheka na 100 hadi 105, na mwenye mkono mzuri atachukua 98, nyuzi zikazwe kidogo kuliko alivyozoea pwani. Kuhusu uzito, gramu 255 hadi 285 bila nyuzi ni mzigo wa kufaa kwa mtu mzima anayejifunza.

Wanaonunua raketi za mitumba wawe na mizani ya jikoni. Raketi ya skwoshi na ya badmintoni nazo zina urefu wa karibu inchi 27, na ndani ya robota hukaa pamoja na ya tenisi kama ndugu. Ya badmintoni huwa na gramu 80 hadi 100, ya skwoshi kama 110 hadi 170, na ya tenisi ya mtu mzima hupita 250. Mteja aliyeuziwa ya skwoshi kwa bei ya tenisi ataivunja kwa mpira wa kwanza wenye nguvu, na habari itafika sokoni kabla yake. Halafu kichwa na shingo zikaguliwe kwa kucha. Ufa mwembamba wa rangi mara nyingi ni ufa wa fremu.

Soko lenyewe la mkoa, likija, litatoka shuleni. Tangu Januari 2012 mashindano rasmi ya watoto wa miaka 10 na chini huchezwa kwa mipira laini myekundu, ya rangi ya chungwa au ya kijani, si kwa mpira wa kawaida. Uwanja wa mpira mwekundu una urefu wa mita 11 hadi 12 tu. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Vidogo vitatu vinakaa humo kwa upana bila kubanana, kamba iliyofungwa kwenye miti miwili ikiwa ndiyo wavu. Shule yenye kiwanja cha netiboli, kwa hiyo, haina haja ya kumwaga saruji kwanza ndipo inunue raketi, ila haitanunua inchi 27.

Kwa dazani ileile ya mfano, mgawanyo wenye uhai ungekuwa inchi 21 mbili, 23 tatu, 25 tatu, 26 moja na 27 tatu. Muuzaji wa jumla anaweza kukataa kuchanganya; hapo ni afadhali wafanyabiashara wawili wa Singida, au mmoja wa Singida na mwenzake wa Babati, wagawane dazani mbili kuliko kila mmoja kubeba ya kwake.

Mipira iagizwe kidogokidogo. Ile ya kopo lililoshindiliwa hewa huanza kufa kopo likifunguliwa, hata kama haijapigwa. Isiyo na msukumo ndani hukaa rafuni kwa muda mrefu, na ile ya kijani, inayodunda sentimeta 120 hadi 135, inaweza kuuzwa hata kwa mtu mzima anayejifunza katika kimo cha Singida.