Mshono wa Kidole Tumbo

Sogeeni wajukuu zangu, leo nawaeleza habari ya mshono huu mnaouulizia kila siku. Kidole tumbo ni kijinyama kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikiziba huvimba, na kikiachwa mpaka kipasuke, usaha humwagika tumboni. Hapo mtu yuko hatarini kweli.

Mimi kilinishika usiku, nikiwa na umri kama wenu, huko kwetu juu upande wa Shengena. Mnazijua njia za milima ya Upare mvua ikinyesha. Vijana walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakanibeba kwa machela wakipokezana hadi barabarani. Mmoja wao alikuwa hasemezani na baba kwa sababu ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Usiku ule alishika mti wa mbele, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia.

Hospitalini nilichomwa nusu kaputi, nikalala. Shukuruni kwa dawa hiyo! Zamani mgonjwa alishikiliwa na wanaume wenye nguvu, akakatwa akiwa macho. Mwaka 1846, huko Boston, Marekani, William Morton alionyesha mbele ya madaktari kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mtu asisikie maumivu ya kisu.

Nje, mama alikuwa akiomba. Sisi ni Wasabato, na imani hiyo ilianza Upare mwaka 1903, wamisionari walipofungua kituo pale Giti, Mamba. Pembeni ya mama alikaa mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akimuuguza mumewe. Naye akainua mikono, akaniombea dua.

Nilipozinduka, koo lilikuwa kavu, lakini maji sikupewa. Asubuhi na jioni nesi aliniuliza swali lilelile: "Umeshajamba?" Msicheke. Baada ya upasuaji utumbo nao huzubaa, na upepo ukitoka ni dalili kwamba umeanza kazi. Siku nilipojibu ndiyo, mama alisema "Asante Mungu!" wodi nzima ikasikia. Nikaletewa uji mwepesi. Sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Kisha nikaambiwa nitembee, huku nimeshika tumbo kwa kanga. Mgonjwa akilala tu, damu inaweza kuganda miguuni. Kila hatua ilikuwa maumivu, na nililia. Lakini daktari alipokuja kufungua bandeji, alinieleza jambo ambalo sijalisahau: yeye kazi yake ni kusafisha, kukata na kushona, ila nyama huunga zenyewe. Nikaliangalia tumbo langu. Nilikuwa nimelala, nikilia, nikiota, na muda wote huo Mungu alikuwa akiniponya kwa ndani. Imani yangu ilipata mizizi kitandani pale.

Niliporudi nyumbani, baba alinipeleka kanisani kutoa shukrani. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja kwa yule kijana wa machela. Baba alimshika mikono yote miwili, wakakaa, wakazungumza zamu ya maji, ikaisha.

Basi sikilizeni. Tumbo likianza kukuuma kitovuni, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia, usinyamaze na usingoje kupambazuke. Mwambie mkubwa saa hiyohiyo. Na mwenzenu akilazwa, muombeeni, kisha nendeni mkamwone.