Injini Kuukuu Mtoni: Mnunuzi Apime Nini?

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ni nchi ya maji. Mito inayoteremka kutoka Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za kusini hukusanyika humo na kufanya Mto Kilombero, ambao mbele zaidi huungana na Luwegu na kuzaa Rufiji. Katika kijiji cha Namawala, magharibi mwa Ifakara, chombo kilichozoeleka ni mtumbwi wa gogo uendeshwao kwa kafi au upondo. Lakini mvuvi atakaye kufika mbali, au kushindana na mkondo wakati wa mafuriko ya masika, huanza kufikiria mashua yenye injini. Injini mpya ni ghali, kwa hiyo macho yake huelekea kwenye iliyokwisha kutumika.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: injini ina umri gani? Swali hilo si baya, ila halitoshi. Injini ya miaka ishirini iliyotunzwa yaweza kuishinda ya miaka mitano iliyoteswa. Kinachoua injini zaidi ya miaka ni joto. Na dalili za joto zaweza kupimwa kabla fedha hazijatoka mkononi.

Injini ya kufungwa nyuma ya mashua si jambo geni duniani. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza za kwake mwaka 1909, na kanuni yake haijabadilika sana. Injini nyingi za zamani ni za mipigo miwili. Pistoni ipandapo hugandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa. Plagi hutoa cheche. Gesi huwaka ghafla na kuisukuma pistoni irudi. Tofauti na injini ya gari, hii haina hazina ya oili chini yake: oili huchanganywa na petroli yenyewe. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 25 za petroli hutiwa nusu lita ya oili. Zipo za zamani zinazotaka 25 kwa 1, yaani lita nzima. Uwiano ulio sahihi ni ule uliowekwa na mtengenezaji. Mwenye injini aliyepunguza oili ili kuokoa fedha alikuwa akila uhai wa mashine yake, na hasara hiyo humfikia atakayeinunua.

Sehemu kubwa ya nishati ya petroli haiendi kwenye rafadha, ile ambayo mafundi huiita propela. Hugeuka kuwa joto. Ili joto hilo liondoke, pampu ndogo iliyo sehemu ya chini ya injini huvuta maji ya mto na kuyapitisha kando ya silinda. Ndani ya pampu hiyo mna gurudumu la mpira lenye mabawa. Maji ya mafuriko huja na mchanga na tope. Mchanga husaga mabawa hayo kidogo kidogo, na maji yapitayo hupungua.

Hapo ndipo fizikia ya darasani inapoingia. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, na kwa kawaida ukuta wa silinda ni wa chuma. Kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi, pistoni yenye kipenyo cha milimita 60 hutanuka kwa milimita 0.14 hivi, ilhali chuma cha kipenyo hicho hicho hutanuka kwa milimita 0.07 tu. Nafasi iliyoachwa baina yao ni sehemu chache za mia za milimita. Joto likizidi, nafasi hiyo hutoweka, pistoni hukwaruza ukuta, kisha hunasa. Katikati ya mto wenye viboko na mamba, kunasa huko si hasara ya fedha peke yake.

Injini iliyofanya kazi pwani huja na hatari nyingine. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Pale aluminiamu inapogusana na chuma cha pua au shaba ndani ya maji hayo, aluminiamu ndiyo huliwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji hufunga vipande vya zinki, ambayo huliwa kwanza badala yake. Zinki ikiwa imekwisha na haikubadilishwa, mnunuzi ajue kwamba mwili wa injini umeanza kulipa. Chumvi pia huganda katika njia za maji na kuzifanya nyembamba.

Basi mnunuzi apime nini? Kwanza, mgandamizo. Kamba ya kuwashia ikivutwa, mkono usikie ukinzani mzito. Kamba ikija kwa wepesi, gesi inavuja. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo atoe namba za kila silinda. Namba hizo zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, pana jambo. Pili, plagi zifunguliwe: chembe za aluminiamu zilizoganda kwenye ncha zake ni ushahidi kwamba pistoni imewahi kuungua. Tatu, oili ya giaboksi imwagwe kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Nne, injini iwashwe ndani ya maji, si nchi kavu. Muuzaji anayeiunguruma juu ya mchanga ili kuonyesha uzima wake anaiharibu pampu, kwa kuwa mpira usio na maji huungua upesi. Mashua iende mtoni kwa nusu saa ikiwa imebeba mzigo. Katika muda wote huo, mchirizi wa maji utokao kwenye kitundu cha nyuma uwe na nguvu isiyopungua. Injini iwakayo vizuri ikiwa baridi lakini ikakataa kuwaka ikiwa moto haifai kupelekwa mbali na kijiji.

Mashua nayo isisahauliwe. Ubao wa tezi, unaobeba injini, ndio unaopokea msukumo wote. Ncha ya kisu ikizama humo bila shida, ubao umeoza. Mataruma na mkuku vikaguliwe vivyo hivyo, na kalafati itazamwe baada ya mashua kukaa majini usiku mmoja.

Mwisho, namba ya aina ya injini isomwe kwenye kibandiko chake, na vipuri viulizwe dukani kabla ya kununua, si baada ya kuharibika. Gurudumu la mpira la pampu ni kitu kidogo. Lisipopatikana, injini nzima haina thamani. Hata injini ikifaulu majaribio haya yote, kafi na upondo visiachwe nyumbani.

Walimu wa fizikia na kemia wanaweza kuona kwamba injini moja kuukuu hubeba mada nyingi za muhtasari: kutanuka kwa metali, shinikizo la gesi, uwiano na ulikaji wa metali. Mwanafunzi anayeyaelewa hayo aweza kuandamana na mzazi wake siku ya kununua na kuwa na la kusema.