Bugatti ya Newcastle na Haki ya Kubaki Kuukuu

Mwaka 2007, katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, alifariki daktari mmoja mzee, na warithi wake walipofungua gereji yake ili kuyatazama yaliyomo wakalikuta, limefunikwa na vumbi na kuzungukwa na makorokoro ya miaka mingi, gari la milango miwili aina ya Bugatti 57S Atalante, lililoundwa mwaka 1937, ambalo marehemu alilinunua mwaka 1955, akaliendesha kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaliegesha humo, lisitoke tena muda wote wa uhai wake. Rangi ilikuwa imefifia na matairi yamelala, lakini injini, chasisi na bodi zilikuwa zile zile zilizotoka pamoja kiwandani, na mita ya mwendo ilionyesha maili 26,284 tu, masafa ambayo dereva wa teksi huyamaliza kabla ya mwaka kuisha.

Yafaa kueleza kwa nini habari hii iliwashtua watu wa magari ulimwenguni kote. Aina ya 57S ilibuniwa na Jean Bugatti, mwana wa Ettore mwenye kiwanda, huko Molsheim katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Naye alikusudia gari liinamie barabara kuliko yote yaliyolitangulia, hata akaipenyeza ekseli ya nyuma katika matundu yaliyoachwa kwenye fremu yenyewe, badala ya kuipitisha chini yake kama ilivyokuwa ada, na kwa kuwa chini ya injini hapakusalia nafasi ya bakuli kubwa la oili, oili ikawekewa tangi lake mbali. Silinda nane zimepangwa safu moja ndefu, ujazo wake ukizidi lita tatu; rejeta imechongoka mbele kama omo ya chombo; na paa linashuka nyuma kwa mviringo mmoja usiokatika mpaka mwisho wa bodi. Magari yote ya 57S hayakufika hamsini, na yaliyovishwa bodi ya Atalante juu ya chasisi hiyo yalikuwa 17 tu. Jean mwenyewe hakuruzukiwa umri mrefu: mwezi wa Agosti 1939, akiwa na miaka 30, alifariki akijaribu gari la mashindano katika barabara iliyo karibu na Molsheim.

Mmiliki wa kwanza wa gari la Newcastle alikuwa Earl Howe, lodi wa Kiingereza aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha madereva wa mashindano cha nchi yake, na ambaye mwaka 1931, akipokezana usukani na Tim Birkin katika Alfa Romeo, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Mtu wa namna hiyo hakulinunua gari ili alitazame. Alilifunga bampa, akaliwekea keria ya mizigo nyuma, na vioo vya pembeni akavikaza juu ya nguzo za kioo cha mbele, mahali ambapo kiwanda hakikuviweka, bila shaka kwa sababu dereva aliyezoea kufukuzwa na wenzake hupenda kumjua anayemfuata.

Na hapa ndipo penye shauri zito. Mnunuzi aliyelipata gari hilo katika mnada wa Paris, Februari 2009, kwa zaidi ya euro milioni tatu, alinunua pamoja nalo hiari ya kulifanyia moja kati ya mambo mawili: kulivua rangi yote, kuchuna ngozi ya viti, kuzamisha vyuma katika dawa, na kulirudisha katika hali ya siku lilipotoka Molsheim, au kuliacha kama lilivyo, likapewa tu yale yasiyoepukika ili lisiangamie. Njia ya kwanza ndiyo iliyopendwa kwa muda mrefu, na mafundi wake ni mahodari wanaostahili heshima. Hata hivyo siwezi kuiunga mkono. Ikiwa muradi ni kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, basi vile vioo vya Earl Howe havina budi kung'olewa, na keria yake, na bampa zake. Na ilhali hivyo ndivyo vinavyoshuhudia nani alilimiliki na namna gani alilitumia, tutakuwa tumelipa fedha nyingi ili kumfukuza mwenye gari katika gari lake. Wakazi wa Unguja na Lamu wanaujua msiba huu kwa mlango wa nakshi uliokwanguliwa na kupakwa vanishi mpya: mti umebaki, lakini mkono wa fundi aliyeuchonga haugusiki tena.

Kuliacha gari katika ukuukuu wake, hata hivyo, hakumaanishi kulitelekeza. Kazi ya kuliamsha hutaka subira kuliko ile ya kulipaka rangi. Fundi asiyejua hutia betri na kubonyeza stata, na kwa tendo hilo moja huweza kuvunja ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda kwa kutu. Ajuaye hufungua plagi kwanza, akatia oili nyepesi katika kila tundu, akaiacha ipenye kwa siku kadhaa, ndipo aizungushe injini kwa mkono, polepole, akisikiliza. Petroli iliyoganda kama gundi humwagwa, tangi huoshwa, kabureta hufunguliwa. Raba zote zilizopasuka na matairi hubadilishwa, maana usalama wa roho hautolewi sadaka kwa ajili ya historia. Rangi iliyofifia hufutwa vumbi kwa kitambaa laini, ngozi hulishwa mafuta, na chochote kilichoondolewa hutiwa alama na kuhifadhiwa.

Wenye kushika rai hii walidharauliwa zamani, kwa kuwa tuzo kubwa za maonyesho, hususan yale ya Pebble Beach huko California, ziliendea daima magari yanayong'aa kuliko yalivyong'aa yakiwa mapya. Lakini mwaka 2024 waamuzi wa Pebble Beach, kwa mara ya kwanza, walilipa tuzo yao kuu gari lisilofanyiwa ukarabati wa namna hiyo: Bugatti aina ya 59 ya mwaka 1934, iliyoanza maisha yake katika mashindano, kisha ikamilikiwa na Leopold wa Tatu, mfalme wa Ubelgiji. Rangi nyeusi na mstari wa manjano iliyoivaa siku ya kushinda haikuwa ya mashindano yake ya kwanza bali ya mfalme huyo, imechakaa na kuchubuka, na waamuzi waliikubali hivyo hivyo.