Maniema: Tairodi imara, tofauti kati ya kufika na kulala njiani

KASONGO — Injini inaweza kuwa nzima, tangi limejaa na matairi bado mapya, lakini gari likalala njiani kati ya Kasongo na Kabambare kwa sababu ya fimbo moja ya chuma iliyopinda chini yake. Fimbo hiyo ni tairodi, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanaiita barre d'accouplement.

Kazi yake ni kuunganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Ikipinda, inakuwa fupi, na magurudumu hayaelekei tena upande mmoja. Matairi huisha haraka, na kwenye tope dereva hushindwa kuliongoza gari.

Kusini mwa Maniema hilo si jambo dogo. Kasongo ipo kwenye Barabara ya Taifa namba 2, inayounganisha Bukavu na Mbuji-Mayi, lakini jina hilo halimaanishi lami. Mvua huchimba makorongo na kufichua mawe na mizizi. Mizigo mingi hupita kwa pikipiki na baiskeli. Ugumu wa njia hizi ni wa zamani: mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi kadhaa, vidonda vikiwa vimemshika miguuni.

Leo wagonjwa, chanjo na dawa hutegemea magari kama Toyota Land Cruiser. Mama mwenye uchungu anayehitaji upasuaji hawezi kusubiri spea itoke Bukavu au Kindu.

Kwa nini inapinda

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zina ekseli nzima mbele, na tairodi hupita chini karibu na ekseli hiyo. Huumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugongwa moja kwa moja na jiwe au kisiki. Ya pili ni tairi kugonga ukingo wa korongo: gurudumu husukumwa nyuma, na nguvu huibana tairodi kama kijiti kinachobanwa kati ya viganja viwili. Kijiti chembamba hupindia katikati.

Kipenyo kabla ya uzito

Wengi hudhani dawa ni kutumia nondo nzito. Lakini kinachosaidia zaidi ni kipenyo. Bomba lenye kipenyo mara mbili na ukuta wa unene uleule huongezeka uzito karibu mara mbili, lakini ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana tairodi imara hutengenezwa kwa bomba la chuma lisilo na mshono na lenye ukuta mnene. Bomba la maji halifai, kwa kuwa chuma chake ni laini. Kabla ya kukata, fundi ahakikishe bomba jipya halitagusa springi wala ekseli usukani unapokatwa hadi mwisho.

Ncha moja hukatwa thredi za kulia na nyingine za kushoto, ili kuzungusha bomba kuirefushe au kuifupishe tairodi. Kazi hiyo hufanywa kwenye mashine ya kukereza. Asiye na mashine huchomelea vipande vyenye thredi ndani ya bomba, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Tairodi iliyopinda bado humruhusu dereva kusimama. Iliyokatika kwenye weldi humwachia magurudumu yanayokwenda yanakotaka.

Kwa hiyo kipande kiingie ndani sana, kichomelewe mdomoni na pia kupitia matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa bomba. Tairodi endi, au rotule, zitolewe kwanza, maana moto huharibu grisi na mipira yake. Chuma cha ekseli ya zamani kisitumike: kimekazwa kwa moto kiwandani, na kukichomelea huweza kukifanya kipasuke.

Isiwe ngumu kupita kiasi

Nguvu ya jiwe haipotei. Tairodi isipopinda kabisa, pigo huhamia kwenye tairodi endi, mikono ya magurudumu na boksi ya steringi, ambayo ni ghali zaidi na haitengenezeki porini. Tairodi bora huvumilia mapigo ya kila siku, lakini pigo kubwa kupita kiasi linapokuja, inapinda yenyewe kabla boksi haijavunjika.

Baada ya kufunga, futi ya kawaida inatosha kupima umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Tofauti huwa ya milimita chache tu, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kisha nati zikazwe na pini zake zirudishwe.

Ikipinda njiani, hufunguliwa, hunyooshwa polepole bila moto, kisha hufungiwa kipande cha chuma cha pembe ili gari litambae hadi gereji. Lakini chuma kilichokwisha kunyooshwa kimedhoofika, na hupinda tena palepale.

Kwa hiyo anayebadilisha tairodi nzima kwa iliyo imara zaidi asiitupe ya zamani. Ikifungwa kwenye keria pamoja na endi zake, ndiyo spea nafuu kuliko zote kwa safari ya Kabambare.