Mti wa Krismasi wa Taa

Umepata kuona mti wa Krismasi? Baadhi ya watu hukata tawi la mvinje, wakalisimamisha ndani ya nyumba na kulipamba. Zamani watu wa Ulaya walipamba miti yao kwa mishumaa, na mara nyingine majani makavu yalishika moto. Mwaka 1882, katika mji wa New York, Edward Johnson aliupamba mti wake kwa balbu ndogo 80 za umeme. Balbu hizo zilikuwa nyekundu, nyeupe na buluu.

Katika somo hili utatengeneza mti wa taa bila ya kukata tawi lolote. Utajifunza pia kwa nini balbu moja ikiungua, pengine taa zote huzimika.

Vifaa

Betri 2 za tochi, kila moja ya volti 1.5, balbu 3 za tochi zenye kiwaya chembamba ndani ya kioo, waya uliofunikwa kwa plastiki, utepe wa gundi, kipande cha boksi.

Namna ya kutengeneza

1. Kata boksi liwe na umbo la mti, pana chini na jembamba juu.
2. Toboa tundu moja karibu na kilele, na mengine mawili chini yake. Penyeza balbu kutoka nyuma, vioo vitokeze mbele.
3. Tazama balbu. Umeme hupita katika sehemu mbili: ubavu wa chuma na ncha ya kitako. Menya miisho ya waya, kisha funga waya mmoja ubavuni na kubandika mwingine kwenye ncha.
4. Panga betri zifuatane kama zinavyokaa ndani ya tochi.

Jaribio la kwanza

Unganisha balbu moja baada ya nyingine, ili umeme utoke kwenye betri, upite katika balbu zote tatu, kisha urudi kwenye betri. Balbu zinawaka hafifu, kwa sababu volti 3 zimegawanywa kwa balbu 3. Sasa ondoa waya wa balbu moja. Zote zinazimika! Umeme una njia moja tu, nayo imekatika. Huu ni muungano wa mfululizo.

Jaribio la pili

Unganisha mbavu zote za balbu kwa waya mmoja hadi upande mmoja wa betri. Unganisha ncha zote kwa waya mwingine hadi upande wa pili. Balbu zinawaka vizuri zaidi. Ondoa waya wa balbu moja. Nyingine zinaendelea kuwaka, kwa kuwa kila balbu ina njia yake. Huu ni muungano sambamba.

Hatari iliyojificha

Minyororo mingi ya taa ya zamani ilikuwa na balbu 20 za volti 12, zilizounganishwa kwa mfululizo katika umeme wa volti 240. Balbu moja ikiungua, zote huzimika. Mtu aweza kudhani kwamba umeme nao umekwisha. Sivyo! Umeme ungali unangoja penye pengo. Akitia kidole katika kishikio cha balbu iliyoondolewa, mwili wake huwa daraja la umeme, naye aweza kufa. Kwa hiyo taa zilizozimika zisiguswe kabla mtu mzima hajazichomoa kwenye soketi.

Kumbuka

Mti wako utumie betri za tochi peke yake. Usiuunganishe kamwe na umeme wa nyumbani. Tena usiunganishe pande mbili za betri kwa waya mtupu, maana waya hupata moto na waweza kukuunguza.

Maswali

1. Kwa nini balbu zilizounganishwa kwa mfululizo ziliwaka hafifu?
2. Taa za nyumba zimeunganishwa kwa namna gani? Umejuaje?
3. Ungetumia betri ngapi ili balbu 3 za mfululizo zipate volti 2 kila moja?
4. Taa za mti zimezimika zote. Utafanya nini kwanza?