Elimu iliyohifadhiwa vifuani chini ya dola ya Roma

Mwaka 70 Miladia majeshi ya Roma, yakiongozwa na Titus, yaliingia Baytul Maqdis na kulichoma Hekalu. Kwa Mayahudi hasara haikuwa ya jengo pekee. Dhabihu zilikoma, na makuhani wakabaki bila ya madhabahu. Swali likawa: sheria itaishi vipi?

Sheria yao ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza iliandikwa, nayo ni Taurati. Ya pili ilikuwa ya mdomo: ufafanuzi na hukumu ambazo mwalimu alimsomesha mwanafunzi, naye akazirudia mpaka zikakaa moyoni. Taurati inaamrisha kuacha kazi siku ya Sabato. Lakini ni kazi zipi? Wanazuoni walihesabu aina 39, na hesabu hiyo ilipokewa kwa ndimi kabla ya kuandikwa.

Elimu ya namna hiyo hufa na mwenyewe. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alitolewa katika mji uliozingirwa akiwa ndani ya jeneza, wanafunzi wake wakijifanya wanakwenda kuzika. Alipofika mbele ya kamanda wa Kirumi, aliomba aachiwe mji wa Yavne pamoja na wanazuoni wake. Humo darasa likaendelea.

Baada ya uasi wa Bar Kokhba, wa mwaka 132 hadi 135, mkono wa dola ulikuwa mzito zaidi. Talmud inaeleza kwamba ilitangazwa: atoaye ijaza auawe, aipokeaye auawe, na mji ilikotolewa ubomolewe. Mzee Judah ben Bava hakutaka mji wowote uponzwe naye. Akatoka nje, akakaa baina ya milima miwili, kati ya Usha na Shefaram, akawapa ijaza wanafunzi watano. Askari walipotokea, aliwaamuru vijana wakimbie. Yeye alibaki, akauawa kwa mikuki. Kiasi cha mwaka 200, Judah ha-Nasi alizikusanya hukumu hizo katika Mishna, jina lenye asili ya neno "kurudia".

Wanafunzi wa mwanzo wa Nabii Isa (A.S.) nao walikuwa Mayahudi, waliokulia katika mazoea hayo ya kusikiliza na kukariri. Mazungumzo yao yalikuwa kwa Kiaramu, na habari zilienea kwa masimulizi kabla ya kuandikwa. Barua za Paulo, maandishi ya kale zaidi katika Agano Jipya, ni za miaka ya 50. Injili ya Marko wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70. Vyote viliandikwa kwa Kigiriki, ingawa humo yamesalia maneno ya Kiaramu, kama "Abba", yaani baba. Paulo mwenyewe aliwakumbusha watu wa Korintho kwamba aliwafikishia yale aliyoyapokea. Na mwanzoni mwa karne ya pili Papias, askofu wa Hierapolis, alikuwa akimuuliza kila mgeni aliyewahi kukaa na wazee: walisema nini? Aliithamini sauti iliyo hai kuliko vitabu.

Sisi Waislamu hatuoni ugeni katika khofu hiyo. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar (R.A.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) aikusanye Qur'ani, iliyokuwa imehifadhiwa vifuani na katika maandishi yaliyotawanyika.

Katika kila umma, elimu iliokolewa na mtu aliyewahi kuuliza mapema na mwingine aliyekubali kurudia. Nyumbani mwetu bibi bado anazo dua alizofundishwa na mamake, na babu anawajua walimu waliomsomesha. Watoto wakae nao jioni moja, wawaulize, kisha wasome tena mbele yao mpaka wasahihishwe.