NAMNA YA KUZITAKA KAMPUNI ZITIMIZE WAJIBU WAKE: MAFUNZO KUTOKA NYAMONGO

Wapo wanaodhani kwamba kampuni kubwa hurekebisha mwenendo wake kwa kusikia vilio vya wananchi tu. Yaliyotokea katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, Wilaya ya Tarime, yanaonesha vyengine. Kampuni hutenda pale lalamiko linapoandikwa, likathibitishwa na kufikishwa kwa mwenye uwezo wa kuamuru. Watumishi wa Serikali na wakaazi wa visiwa vyetu wanashauriwa kuyazingatia mafunzo hayo.

Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2002 katika eneo la Nyamongo, kati ya vijiji vya Wakurya, na mwaka 2006 uliingia mikononi mwa kampuni ya Barrick ya Kanada. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodini na kuingia Mto Tigithe. Mto huo humimina maji yake katika Mto Mara, ambao hupita baina ya wilaya za Tarime na Serengeti hadi Ziwa Viktoria. Kwa hiyo balaa la vijiji vichache liliwahusu wote wanaochota maji, kunywesha mifugo na kuvua samaki huko chini.

Malalamiko yaliendelea kwa miaka 10. Hatimaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya Shilingi bilioni 5.6 kwa kuchafua mazingira. Mwezi wa Julai Baraza likapiga marufuku matumizi ya bwawa la topesumu. Bila ya bwawa hilo mawe hayasagwi, na mawe yasiposagwa dhahabu haipatikani. Marufuku hiyo iliondolewa Septemba 2019, baada ya mgodi kuchukua hatua za marekebisho. Ni dhahiri kwamba amri moja ya kusimamisha kazi ilikuwa na uzito kuliko miaka mingi ya manung'uniko.

Suala zito zaidi ni la roho za watu. Tarehe 16 Mei 2011 watu 5 waliuawa kwa risasi za polisi mgodini hapo, baada ya kundi la watu kuingia kutafuta mawe ya dhahabu. Mwaka 2013 baadhi ya wanavijiji walifungua shauri katika mahkama ya London, na mwaka 2015 lilimalizika kwa makubaliano nje ya mahkama. Mwaka 2022 wakaazi wengine walifungua shauri jengine huko Ontario, Kanada, ambalo kampuni imelipinga. Mwaka huo huo, jumuiya ya soko la dhahabu ya London, ambayo huthibitisha wasafishaji wa dhahabu, nayo ilishitakiwa kuhusiana na dhahabu ya mgodi huo. Hivyo anayenunua na anayethibitisha nao wameanza kuulizwa.

Ni kweli kwamba mgodi hulipa mrabaha na kutoa ajira, na kwamba kwa makubaliano ya Januari 2020 Serikali ina hisa za asilimia 16. Lakini hisa hizo hazipunguzi wajibu wa kusimamia, bali zinauongeza. Mshirika wa faida ni mshirika wa dhima pia. Aidha, Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na Halmashauri husika. Halmashauri nayo inatakiwa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Mtumishi anayeidhinisha mpango bila ya kuusoma amewanyima wananchi haki yao.

Kutokana na hayo, mwananchi mwenye lalamiko dhidi ya kampuni yoyote anashauriwa:

(a) Kuandika tarehe, mahali, kilichotokea na majina ya mashahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni hivyo hivyo.

(b) Kuipelekea kampuni barua, kubakisha nakala yenye saini ya mpokeaji, na kutaja siku ya kutaka jawabu.

(c) Kupeleka nakala kwa Sheha au Mtendaji wa Kijiji, na kwa chombo chenye mamlaka. Kwa Unguja na Pemba, mambo ya mazingira hupelekwa ZEMA, na ya mlaji kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

(d) Kuwaarifu wanunuzi wa bidhaa hiyo, kwa ukweli na bila ya kutia chumvi, kwani neno moja la uongo huharibu kumi ya kweli.

(e) Kwenda mahkamani njia nyengine zikishindikana.

Naye mnunuzi, akiwa dukani akichagua pete au mkufu, asione haya kumuuliza sonara dhahabu hiyo imetoka wapi. Mfanyabiashara anayeulizwa na wateja wengi atalazimika kumuuliza aliyemuuzia.